Bikoni ya Tatu

Nyamwamba ulishuka usiku wa kuamkia Jumatano.
Ukabeba mawe yanayolishinda lori la mgodi,
ukabeba choo cha shule, ukabeba migomba na kivuli chake,
na kona ya shamba la Kabugho
ukaondoka nayo pia, kama mgeni aendaye na ufunguo mfukoni
bila kujua.

Mimi ni mpima ardhi. Sikuitwa kulia.
Nilikuta bikoni mbili zimesalia:
moja juu, kwenye mwamba nyuma ya kanisa,
moja chini, kwenye zege la daraja lililokatika;
na daftari la marehemu Muhindo, kurasa zimevimba kwa maji:
*Toka juu, mita sitini na moja.
Toka chini, arobaini na nane.*
Basi. Ukurasa wa pili umekuwa uji.

Kwenye karatasi ningemaliza kabla chai haijapoa.
Bikari huku, bikari kule,
matao yakatane, nitie nukta, nipige mhuri.
Lakini Kilembe si karatasi.
Kilembe imesimama wima, na huwezi kuikunja ukaitia mkobani.

Tukafunga kamba mbili, tukaziunga kwa fundo moja.
Bwambale akalishika fundo, akavuta hadi kamba zikakaza.
"Ni hapa," akasema.
Panda kidogo, nikamwambia, huku ukirudi nyuma.
Akapanda. Kamba bado zimekaza.
"Na hapa?"
Na hapo.
Akakwea jiwe, mkono juu, shati limemtoka kwenye mkanda.
"Na hapa pia, bosi?"
Na hapo pia.

Akanyamaza. Nadhani aliona ninachokiona nikifumba macho:
mstari wa bikoni hadi bikoni ni bawaba,
pembetatu yetu ni mlango,
na mlango unazunguka, unapita hewani juu ya kuku wa watu,
unazama mlimani walikochimba shaba,
unatokea upande wa pili,
na kila upitapo, vipimo ni vile vile, hakuna kosa.
Visivyojulikana vitatu, mashariki, kaskazini, kimo;
milinganyo miwili.
Thembo, jirani, mabati yake manne yamekwisha pandwa,
akacheka: "Hata langu limo kwenye duara lako!"
Limo. Ndiyo taabu yenyewe.

Kabugho alikuwa akisuuza matope kwenye sufuria.
Hakuinua kichwa.
"Nilikuwa nikitua kuni pale, naketi juu ya jiwe.
Lile bomba la mgodi, ng'ambo,
lilipita sawa na macho yangu. Halikupanda, halikushuka."

Nikageuza darubini.
Bomba lipo, limeshika kutu, limelala kwenye genge.
Nikamketisha Kabugho juu ya kreti ya soda
nikampima kwa utepe, makalio hadi jicho,
watoto wakafa kwa kicheko:
sentimita sabini na moja.
Niliziandika kwa herufi kubwa kuliko jina la wilaya.

Kimo kiliukata mzunguko wa ule mlango mara mbili.
Mara moja, ndani ya mwamba,
na Muhindo, hata kwa waragi, hakupanda bikoni ndani ya mwamba.
Mara ya pili...

Bwambale alichukua mti mrefu, akafunga kitambaa chekundu.
Kushoto. Zaidi. Inua. Inua tena. Simama.

Pale.
Mita mbili na nusu juu ya kokoto,
hewani, mahali palipokuwa na udongo.
Kitambaa kikapepea kidogo, kikatulia.
Thembo alikwisha ondoka.
Nikateremsha timazi; risasi ikagusa kokoto mbichi,
nikaanza kuchimba shimo la zege.

Kabugho alikuja akasimama chini ya kile kitambaa,
akakitazama kwa muda, mkono kwenye paji.
"Ndipo penyewe," akasema.
"Sasa nitaketije?"