Udongo Kupitia Kioo

Nimejifungia kabatini, kati ya makoti,
kwa sababu upepo wa Punta Arenas haujui kubisha hodi;
huingia kwenye kinasa sauti kabla yangu,
na kila somo linaanza kwa mluzi wake.

Bi Yasna wa kitengo cha masomo ya mtandaoni
amenipa masharti kwenye karatasi ya manjano:
dakika saba, usizidi. Tabasamu, lakini si sana.
Usiseme "leo". Usiseme "mvua ile ya jana".
Video hizi zitaishi miaka mitano,
nawe usiwe na tarehe.

Basi nimezivua siku, kama mtu avuavyo viatu mlangoni.
Nimekata kikohozi, nimekata king'ora cha zimamoto,
nimekata mzaha wangu wa kondoo na profesa
ambao kwa miaka ishirini na miwili haukukosa wa kuucheka,
maana kamera haicheki,
na mzaha usiochekwa ni deni.

Lakini wiki ya nne ni wiki ya mfinyanzi.
Udongo hausomwi kwa macho, huwaambia kila mwaka,
husomwa kwa kidole gumba: uulowanishe, uufinye,
uusukume utoke kama utepe,
upime urefu kabla haujakatika.
Zamani nilizunguka na ndoo, dawati kwa dawati,
nikiishika mikono yao baridi: hapana, polepole, hivi.
Sasa nina miraba thelathini na mmoja, myeusi,
kila mmoja una jina na hauna mkono.

Nilikesha na slaidi. Nikazifuta zote.
Nikaandika mstari mmoja:
Tokeni nje. Rudini wachafu.

Jumatatu picha zikaanza kuingia.
Utepe wa Eluney, sentimita sita, juu ya usukani wa trekta.
Utepe wa Ismenia, umekatika mara tatu,
pembeni kidole cha mwanawe kikidai sehemu yake.
Mmoja wa Porvenir ametuma mboji nyeusi ya kinamasi
iliyokataa katakata kuwa utepe, na swali: nimekosea wapi?
Hujakosea. Huo si mfinyanzi. Hizo ni nyasi za kale
ambazo hadi sasa hazijakubali kuoza.

Nibaldo hakutuma. Yeye ni mpishi melini,
wiki mbili hajakanyaga nchi kavu.
Saa tisa usiku mraba wake ukawaka:
kiganjani, udongo wa chungu cha maua
ulioibwa dirishani kwa nahodha,
na sauti, nyuma yake injini ikinguruma:
"Unakwaruza, Profesa. Una mchanga ndani.
Leo nimeelewa."

Asubuhi nikalifungua tena faili la somo la nne.
Nikalirekodi upya, uani, miguu ndani ya matope,
upepo ukinipokonya nusu ya sentensi,
kucha zimejaa.
Nimesema "leo" mara mbili.
Bi Yasna, kama umefika hapa ukisikiliza,
ya kwanza iliniponyoka.