Kidumu Nyuma ya Feri

Feri imeng'oka Likoni. Tezi imechimba shimo
na maji yanakimbilia kuliziba.
Juu ya mgongo wa wimbi la kwanza
kidumu cha manjano, cha mafuta ya kupikia,
kinatufuata.
Hakina injini, hakina kasia,
wala hakituachi hata shubiri.

Shangazi Mwanamize anishika mkono:
"Nambia tena hiyo kazi yako, polepole."
Namwonyesha kidumu.

Pana mrija, Shangazi, mfupi kama kidole cha mwisho,
ndani yake gesi.
Unapigwa kwa leza, pigo moja,
fupi hivi kwamba kope ikipepesa,
kwake hiyo ni karne nzima.
Gesi inavuliwa elektroni zake, inakuwa plazma,
jamaa ya cheche za Chirau akichomea mageti Mtongwe,
zile alizokukataza kuzitazama.
Elektroni zinatawanyika
kama wachuuzi wa Marikiti wakiona askari wa kaunti,
kisha zinarudi mbio, zinapitiliza vibanda vyao,
zinarudi tena.
Hilo ndilo wimbi.
Na nyuma ya leza, mahali pake hasa,
chembe chache zikipanda mgongo ule
zinapata kwa upana wa kidole
mbio ambazo mashine ya hospitali
huzitafuta kwa urefu wa mtu.

"Ile ninayolala chini yake?"
Ile.
Leo ni mara ya kumi na saba.
Chini ya buibui, kifuani, amechorwa alama za wino
asizoruhusiwa kuziosha.

"Na yako itakuwa kadiri gani?"
Kama sanduku la cherehani, nasema,
na papo hapo naona haya.
Leza yenyewe iko ng'ambo. Mimi hapa Tudor
nina kompyuta inayochemka na feni ya kuazima.
Usiku wa jana, katika hesabu zangu,
chembe zilitoka kila moja na mbio zake,
kama harusi isiyo na mwenyewe.

Kidumu kimeyumba. Kimeteleza, kimebaki.
"Na hicho je?"
Hicho kimeporomoka mgongoni.
Nusu ya kazi yangu, Shangazi, ni hicho.
"Lini basi?"

Mlango wa feri washuka, chuma juu ya saruji.
Watu wanasukumana. Yeye hajageuka,
angali anatazama kule majini.
"Kile pale," asema,
"kimepata feri ya pili.
Chenda kwetu."