Katibu wa Bustani, Mtongwe

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu makontena Kilindini:
jekundu, la buluu, jekundu, lililobonyea.
Nikatia alama, nikatia sahihi,
na sikupata kujua hata siku moja ndani mna nini.
Sasa nahesabu miche.
Wamenipa ukatibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
si kwa kuwa najua kupanda.

Tunakutana Jumamosi nyuma ya zahanati,
pale palipokuwa jaa. Hadi leo jembe hutoa
mswaki, kifuniko cha sufuria, kandambili ya mguu wa kushoto
(daima wa kushoto, sijui za kulia huzikwa wapi)
na mawe ya matumbawe, ambayo Mwanasiti hayatupi.
Huyapanga ukingoni mwa matuta.
Mawe ya bure, asema, hayakataliwi.

Ajenda ya kwanza: samadi.
Nzingo aliahidi magunia manne, kaleta mawili na hadithi.
Magunia yamepokewa.
Hadithi haikuingizwa kwenye kumbukumbu.

Ya pili: wadudu wa sukuma wiki.
Mebakari ataka dawa ya dukani.
Mishi asema majani ya mkilifi:
yapondwe, yalale majini usiku kucha, yachujwe kwa leso kuukuu,
kisha kipande cha sabuni, dawa ipate kunata.
"Leso gani?"
"Ile ambayo maneno yake huyaamini tena."
Nimeandika: leso kuukuu.

Ya tatu ilikuwa yangu, nikaona haya kuisoma.
Bamia zangu zimekufa. Mistari miwili, miche ishirini na minne,
ncha za majani zimeungua kama karatasi
iliyosogezwa karibu na kibatari.
Kila mtu akawa tabibu.
Jua kali. Kivuli kingi. Samadi mbichi. Kijicho.
Mebakari alipotaja kijicho alimtazama Nzingo.

Mbeyu hakusema kitu. Jina lake, kwao Kaloleni,
maana yake ni mbegu, na hulibeba bila maringo.
Alichovya kidole katika ndoo yangu, akalamba,
akatema pembeni kwa adabu.
"Haya ulichota lini?"
Jumatano, nikasema. Jioni.
"Jumatano ilikuwa bamvua."

Nami niliyezaliwa hapa, niliyefanya kazi gatini
meli zikipanda na kushuka mbele ya macho yangu,
sikuwahi kuwaza kwamba bahari hupita pia chini kwa chini,
ikaingia kisimani bila kubisha hodi,
ikapanda na kamba hadi kwenye ndoo yangu.

"Siku za bamvua nywesha ya pipa, ya mvua," akasema.
"Maji mafu, chota kisimani, alfajiri.
Na hazikufa zote. Fukua ile ya mwisho."

Nikafukua. Mzizi ulikuwa bado mweupe.
Mmoja katika ishirini na minne:
nimewahi kuwapelekea wakubwa hesabu mbaya kuliko hiyo.

Kabla ya kutawanyika tuligawana mbegu.
Tsafe ndani ya kasha la kiberiti, mnavu ndani ya gazeti,
pilipili za Mishi zimefungwa uzi mwekundu
maana ni kali na yeye hapendi lawama.
Randu, wa darasa la sita, alikuja kurudisha mwiko wa jirani
akaondoka na mche wa mpapai.
Ni dume au jike? Hatujui.
Nzingo na Mebakari wamewekeana soda.

Kikao kilifungwa saa tano na robo.
Nimetia sahihi. Chini yake, penye Mengineyo,
nimeandika kwa kalamu ya risasi, ili nikikosea nifute:

bahari iko chini ya miguu yetu.
Jumatano ijayo, maji mafu.
Nitakuja na ndoo, mapema.