Nne Iliyo Wazi

Lenzi hii nimeinunua Jumapili, Görlitz,
kwa muuza vikombe asiyejua anachouza.
Aliiweka kati ya birika na buti za mtoto,
haina kifuniko, grisi imeganda kama asali ya Januari.
Nililipa bila kuvutana bei. Mkono ulitetemeka,
nikausingizia baridi.

Nyumbani nikawasha taa ya meza,
nikabana kioo cha kukuzia jichoni.
Kwanza mwili: alumini tupu,
si ile ya mistari ya punda milia iliyokuja baadaye,
wala nyeusi ya mwishomwisho.
Kisha kiwambo: nikazungusha pete, nikahesabu mbavu,
kumi na mbili, zikafumba kama jicho la paka juani.
Nikaiinamisha chini ya taa, utando ukajibu
zambarau, halafu buluu kwa mbali.
Namba ya mfululizo nikaisoma mara mbili.
Hadi hapo ni lenzi ya kawaida. Wenzangu wanazo tele.

Ndipo nikaiona nne.

Nne ya mita nne, kwenye pete ya umbali.
Nne zote nilizopata kuziona, miaka thelathini na mmoja,
zimefungwa juu kama hema.
Hii iko wazi. Imeacha mlango.

Nikafungua daftari, nikaandika: toleo lisilojulikana,
mhuri mpya, huenda masika ya hamsini na nne.
Nikampigia Hartwig kule Chemnitz, saa sita usiku,
akanyamaza kimya cha mtu anayehesabu alichokosa.
"Isije ikawa imechezewa," akasema. "Lila na fila, Ehrenfried."
Nikamwambia rangi iliyomo ndani ya mchoro ni ya zamani,
imepasukapasuka yenyewe, hakuna mjanja aliyeigusa.

Alhamisi nikampelekea Bibi Irmtraud Kaschke.
Miaka themanini na nne, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Alikaa meza ya kunakshi, zamu ya usiku.
Kiwanda kilipofungwa aliondoka na koti lake la kazi;
sasa hulivaa akimenya viazi.

Kioo changu hakukitaka.
Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pete,
polepole, kama atafutaye mwanzo wa uzi,
akafika kwenye nne, akasita.

"Mhuri gani? Mashine ilikuwa imekufa.
Sindano yake ilivunjika, na nyingine iko Jena au mbinguni.
Msimamizi akatugawia patasi za mkono.
Wenzangu walizifunga nne zao kama tulivyoagizwa.
Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba,
na ule mkwaju wa mwisho unataka usimame, uinamie meza.
Sikusimama."

Nikauliza mwaka. Akasema theluji ilikuwa nyingi.
Nikauliza tena. Akasema Gundula alizaliwa Machi,
akatazama ukuta, hakuongeza.
Nikauliza zilikuwa ngapi,
maana daftari langu lina safu ya idadi,
na idadi ndiyo bei.

"Sikuhesabu. Nililipwa kwa saa."

Akanirudishia lenzi ikiwa na unyevu wa viazi.

Nimekaa na daftari tangu jioni.
Nimefuta *mhuri*. Nimefuta *masika*.
Safu ya sababu ni nyembamba, upana wa kidole;
niliipiga mstari mwenyewe, ujanani,
nikidhani sababu huwa neno moja.
Hartwig amepiga simu mara tatu, anauliza kama nauza.

Nimeifunga lenzi kwenye kamera, nimeielekeza dirishani,
nimezungusha pete hadi mita nne, pale palipo wazi.
Ng'ambo ya uchochoro mwanamke anakung'uta shuka.
Hayuko kwenye nne. Yuko kwenye tano hivi,
kingo zake zimelainika, uso hauna jina.
Kidole kiko juu ya pete.
Sijakisogeza.