Kutu ya Ndani

Hapa Langoni chuma hakizeeki, huliwa.
Msumari uliopigiliwa Ramadhani
ukifika Mfungo Tano ni unga mwekundu.
Ndiyo maana Lali Shekuwe hakosi kazi:
makufuli yamepanga foleni kibarazani pake,
kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe,
na kopo la mafuta, na unyoya wa kuku
wa kuyafikisha pasipofika kidole.

Mwaka mzima alikuwa akijikunja saa nane za usiku.
Akanywa maji ya ndimu. Akalamba magadi.
Akailaumu pilipili, kisha akamlaumu Mwanaesha aliyeitia,
hadi Mwanaesha akamleta maabara kwa mkono,
na kijikopo amekifunga mifuko mitatu, kwa haya.
Nikangoja dakika zangu.
Mstari wa pili ukajitokeza,
mwembamba kama uzi wa kofia.

"Ni nini?"
Ningeweza kumwandikia jina la Kilatini akalitia mfukoni.
Nikamwambia: ni mdudu aliyejipinda kama skrubu,
amejikaza kwenye ute wa tumbo lako.

"Na mwili wangu umelala?"
Haukulala. Chembe nyeupe zimemzingira,
zinamrushia oksijeni kali,
ndugu ya hiyo inayokula misumari yako.
Mwili wako, Lali, unajaribu kumtia kutu.

Akavua miwani.
"Na hashiki kutu?"

Hashiki kirahisi. Katika kunde unazokula,
katika uyoga anaoletewa mkeo kutoka Witu,
mna kitu kidogo, sina jina lake la Kiswahili,
mimi nakiita kinga-kutu.
Mwili wako haujui kukitengeneza.
Husubiri sahani, hukiokota,
hukiweka akiba kwenye damu, kwenye ini, kwenye mboni za macho.
Mdudu naye hajui kukitengeneza.
Ila ana mlango kwenye ngozi yake,
na mlango una tundu
lililochongwa kwa umbo la kitu hicho, si kingine,
na hata kikiwa kimoja kati ya maelfu
hukijua, hukivuta ndani,
na moto wa mwili wako ukimfikia
humkuta keshajipaka.

Lali akanyamaza.
Nje punda wa mtu alikuwa akijikuna ukutani.

"Mwivi huyu," akasema, "metwaa mafuta yangu,
kaipaka mwili mzima,
kisha yuwaningoja mimi nimshike."

Akafikiri tena.
"Kunde niziwate?"
La. Ukichoma ghala, mwizi hulala njaa usiku mmoja,
wewe mwezi.
"Basi tundu. Mbona hamulitii nta?"

Miaka kumi na moja nimeinamia hadubini,
na swali hilo sijawahi kuliuliza kwa ufupi hivyo.
Nikasema wako watu, mbali, wanaoitafuta hiyo nta.
Sijui wamefika wapi.
Kwa sasa ni vidonge, aina tatu, siku kumi na nne,
asubuhi na jioni, usiruke hata kimoja.

"Funguo tatu kwa kufuli moja," akaguna.
"Fundi gani huyo?"

Vidonge alivimaliza. Mwanaesha alivihesabu.
Na kwa kuwa hapendi kudaiwa, hata shukrani,
alikuja Mkomani Alhamisi moja nikiwa kazini
akalifungua kufuli langu, akalisugua, akalirudisha.

Niliporudi usiku nikatia ufunguo.
Ukazunguka bila sauti,
kama kijiko ndani ya samli.
Nikafurahi.
Kisha nikabaki nimesimama gizani,
mkono kwenye pete ya mlango,
kwani mafuta hayaulizi
ni mkono wa nani unaozungusha.