Dukani, Amarillo

Darlene ananipangia tatu juu ya kioo
kama muuza viatu.
Hii nyepesi; ila nyepesi, asema mwenyewe, huruka mkononi.
Hii hubeba risasi kumi na tano.
Navuta chuma chake cha juu: vidole vyangu,
miaka sita ya kisu kiwanda cha nyama,
vinakataa.

Ya tatu ni rivolva,
risasi tano, nzito, haina maringo.
"Haikwami hii."
Na mimi je? Saa nane usiku, kitasa kikichezwachezwa,
mimi sitakwama?
Darlene anafuta kioo kilichokwisha kung'aa.

Nalipia kasha la kufuli kwanza.
Ufunguo nitauvaa shingoni, hata bafuni:
Shekue wangu ana miaka saba,
na sukari, popote niifichapo,
huipata.