Mkuu wa Ghala

Tangazo nililikuta ukutani, gundi imeshakauka,
siku ya mwisho ilikuwa jana.
Shee Famau alikuwa ameshapeleka karatasi zake,
Shee niliyemfunza mimi kuhesabu katoni za dawa,
kuandika kwa kalamu nyeusi, si ya buluu.

Nani alimpa habari?
Dakani, Mkomani, baada ya isha,
tangawizi ya pili haijapoa kikombeni,
daktari mkuu alitupa neno kando.
Neno la kando huvaa makubadhi;
halipiti uani kwetu.

Uani kwetu hupita mengine:
nani kaposwa, nani mimba imemtoka,
mchango wa Bi Barke umefika wapi.

Usiku nikamwambia mume wangu.
Akaacha kutafuna.
"Nilikuwepo," akasema. "Ndiyo nikamtajia Shee."
"Na mimi je, Athman?"
Akatazama sahani, kama jibu limeangukia kwenye wali.
"Haikunijia."

Si mtu mbaya. Kahawa yangu huniletea mpaka kitandani.
Haikumjia, basi.

Wiki ya tatu, kwenye hina ya Somoe,
mke wa mkuu wa maabara alikuwa akiuza kabati,
kabati, na kitanda, na cherehani.
Wino haujanikauka viganjani
nikamwandikia Mwanamkuu kwa kidole kimoja:
*Bosi wako anahama. Tangazo bado. Andaa vyeti.*

Kesho yake Shee alikuja na barua yake.
Nikamkabidhi funguo, mmoja mmoja,
nikamwonyesha na ule unaokwama.